Kwa nini bado naendesha Kikumi

Watu wanaonihimiza ninunue gari jipya hawana nia mbaya. Ni ndugu, ni majirani, ni wateja wanaoiona Kikumi yangu, yaani Toyota Corolla ya 1994, imeegeshwa mbele ya duka hapa Tororo wakanionea huruma. Lakini hilo gari jipya wanalolitaja limekaa bondi, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje, kule Nakawa, Kampala, limeoshwa likang'aa, matairi yamepakwa dawa yakawa meusi tii, na lilitoka kiwandani Japani miaka kumi na miwili au kumi na mitatu iliyopita. Redio yake bado inaongea Kijapani. Magari ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu, hapa Uganda hununuliwa na serikali, mashirika na watu wachache wenye uwezo mkubwa. Sisi wengine tunachagua kati ya gari kuukuu tunalolijua na gari kuukuu tusilolijua.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo lenyewe, na nataka kulieleza kwa hesabu, maana maneno matupu ya "magari ya zamani yalikuwa imara" hayamsaidii mtu kulipa karo.

Kule Japani gari likitimiza miaka 3 hupelekwa ukaguzi, na baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama nzito. Likipita miaka 13 kodi yake inapanda, likipita 18 inapanda tena. Mwenye gari anapiga hesabu zake, analitoa mnadani, na baada ya wiki kadhaa liko Mombasa. Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini mwao. Kwetu sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2018 inakataza gari lenye miaka 15 au zaidi, na lililopita miaka 8 linatozwa ushuru wa mazingira. Kwa hiyo gari ambalo Mjapani ameliacha kwa kukwepa kodi ya mwaka wa 13 linatufikia likiwa limebakiza muda mfupi tu kabla ya sheria yetu nayo kulikataa. Tunalipokea kwa shangwe na kulipigia picha.

Sasa kodi. Tuchukue gari ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inatozwa juu ya jumla ya hizo mbili, ikawa milioni 2.25. Kodi ya zuio, asilimia 6, ni 600,000. Hapo umeshafika milioni 5.35 bila kugusa ushuru wa mazingira, usajili, gharama za kulisafirisha kutoka bandarini, na faida ya mwenye bondi. Sehemu kubwa ya bei unayolipa, basi, haimo ndani ya gari. Haiongezi umri wa injini hata siku moja. Kodi hiyo gari langu lililipiwa zamani, na halilipiwi mara ya pili.

Wengi hawana pesa taslimu, wanakopa. Tuseme umekopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, ulipe kwa miaka mitatu. Kila mwezi utatoa kama shilingi 743,000, na mwisho wa yote utakuwa umelipa karibu milioni 26.8. Ndani ya miaka hiyo mitatu gari litahitaji matairi, breki na betri kama gari lingine lolote, na huo si mzigo wa benki. Mimi natenga 250,000 kila mwisho wa mwezi kwenye sacco yetu. Pesa hiyo ni ya gari na haiguswi kwa jambo jingine, hata kuwe na harusi.

Kutenga pesa ndiyo siri, kama ipo. Watu wengi wanaolia kwamba gari kuukuu linawafilisi hawatumii pesa nyingi kuliko mimi. Tofauti ni kwamba wao wanaitoa siku gari limezimika Iganga saa tatu usiku, na siku hiyo bei inapangwa na yule aliyekuja na spana. Fundi wa barabarani akikuona na watoto na mizigo anajua huna pa kwenda.

Ninalo daftari. Ukurasa mmoja ni wa oili, mwingine wa breki, mwingine wa maji, mwingine wa mikanda. Kila kitu kilichobadilishwa kimeandikwa kilomita zake. Kwa injini yangu, 5A-FE ya lita moja na nusu, mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Injini hii ina heri moja: mkanda ukikatika, pistoni hazigongi valvu, gari linazima tu. Dizeli nyingi hazina huruma hiyo. Mkanda ukikatika kwenye matatu ya dizeli, valvu zinapinda na mwenye gari anaanza kuuza mbuzi. Kwa hiyo ukinunua gari kuukuu la dizeli na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki hiyohiyo, kabla hata ya kununua vifuniko vya viti.

Mazoea haya nimeyarithi kwa mjomba wangu aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala. Alianza kazi nyakati za magendo. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, wengi wa wenye maduka ya spea na gereji kubwa waliondoka nao, na baadaye hata sabuni ikawa ya kutafutwa, sembuse bushi ya lori, kile kipande kinachokaa kwenye viungo vya chini ya gari. Wazee wa barabara wanasimulia jinsi mafundi wa Katwe, Kampala, walivyokuwa wakichonga kwa mkono vitu ambavyo havikuwepo madukani. Mjomba aliniambia katika miaka hiyo dereva aliyesubiri kitu kiharibike ndipo akitafute, alilala porini. Sikuona haja ya kulibishia hilo, hata leo ambapo spea zimejaa tele.

Nisogee sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni themostati, kile kidude kinachoyazuia maji yasiende kwenye rediata mpaka injini ipate joto.

Nenda gereji yoyote kuanzia Busia hadi Mbarara, uulize magari mangapi yana themostati. Machache sana. Gari likichemsha mara moja tu, fundi anaing'oa na kuitupa, na sababu anayokupa ni kwamba nchi yetu ni ya joto, kile kifaa ni cha Wazungu na theluji yao. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, kila mtu anafurahi. Lakini injini sasa haifiki joto lake la kazi, hasa asubuhi na safari fupi za mjini. Kompyuta ya gari inadhani injini bado baridi, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Gari linakunywa mafuta, injini inaliwa, na hujui, kwa sababu mshale wa joto uko chini na unakupa amani.

Fundi wangu ni kijana mwangalifu, ana mikono safi kwa maana zote mbili. Lakini naye alifundishwa hivyohivyo. Siku aliyonioshea rediata alinirudishia ufunguo akasema, "Mama, kile kidude cha maji nimekitoa. Huku kwetu hakina kazi."

"Kiko wapi?"

Akakitoa kwenye kopo la misumari. Jirani na gereji kuna mama anayepika chai na chapati, nikamwomba sufuria yake kuukuu na maji. Tukaifunga themostati kwa waya, tukaining'iniza isiguse chini, tukasubiri kwenye jiko lake la mkaa. Maji yalipoanza kutoa vipovu vidogo vya pembeni, kabla hayajachemka sawasawa, kifuniko cha shaba kikaanza kuinuka polepole hadi ncha ya kidole ikaweza kupita. Zimeundwa kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Fundi akaitoa kwa koleo, akaishika hewani, ikajifunga yenyewe. Akairudisha majini, ikafunguka. Akaitoa tena. Wanafunzi wake wawili wakaacha lori walilokuwa wakilifungua wakaja kusimama.

"Kumbe kinapumua," akasema.

Akairudisha kwenye injini siku hiyohiyo na gasketi mpya. Siku hizi gari likija linachemsha, anaanza kwa kuipima kwenye maji ya moto. Ikigoma kufunguka, ni mbovu, inatupwa na kununuliwa nyingine. Ikifunguka, haina kosa, kosa linatafutwa kwingine. (Mwenye sufuria alikataa kuipikia tena, na alikuwa na haki. Nilimnunulia nyingine.)

Na hapo kwingine, mara nyingi ni kitu kidogo kuliko unavyoogopa. Tororo na Kampala ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Ukipanda kwenda Kabale yanachemka mapema zaidi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rediata ni kifuniko chake, kwa sababu kinayabana maji yakae chini ya mgandamizo, na yakibanwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukichoka, mgandamizo unavuja na gari linachemsha mlimani ingawa injini haina ugonjwa. Nimeona watu wakitozwa pesa ya kufungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, kwa kosa la kifuniko. Anza na kifuniko. Halafu tumia maji ya rediata yenye dawa ya kuzuia kutu, usijaze ya bomba wala ya mtaro, maana kutu inayoziba rediata inaanzia hapo.

Spea nazo zina elimu yake. Kwa gari langu karibu kila kitu kipo, na ndiyo sababu kubwa nililichagua. Hii Corolla AE100 ndiyo ile inayoitwa Kikumi, na zilijaa barabarani kiasi kwamba kila fundi ameshaifungua. Gari la bei rahisi ambalo hakuna anayelijua litakugharimu kuliko Kikumi, hata kama lina viti vya ngozi. Mtu akiniuliza anunue gari gani la zamani, sitazami uzuri wake. Namwambia aende Kampala kwenye soko la Kisekka, lile lililopewa jina la Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu na baadaye makamu wa rais, ahesabu ni maduka mangapi yana spea ya gari hilo.

Pale Kisekka utakuta vitu vya aina tatu: vya kampuni yenyewe kwenye boksi, vya kuiga vilivyo vipya, na vya mtumba vilivyong'olewa kwenye magari Japani. Mgeni anadhani kipya cha kuiga ni bora kuliko cha mtumba. Kwa vitu vingi sivyo. Alteneta ya mtumba ya Japani inaweza kukufaa miaka, ile mpya ya kuiga ikafa kabla msimu wa mvua haujaisha. Hali kadhalika stata, raki ya usukani, hata giaboksi. Lakini kuna vitu ambavyo sinunui mtumba kamwe: brekipedi, mikanda, sili, mipira ya breki na matairi. Mpira unazeeka hata ukikaa ghalani bila kutumika. Tairi limeandikwa ubavuni tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Likisomeka 2314, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na kina cha meno yake kisikudanganye. Matairi ya namna hiyo yanauzwa kila siku kando ya barabara zetu, yanapasuka katikati ya msitu wa Mabira, gari likiwa na familia nzima ndani.

Ukienda dukani, nenda na kitu chako cha zamani mkononi na namba ya chasisi kwenye simu. Dalali atakwambia "hii inaingia." Kuingia inaingia, lakini bushi iliyozidi milimita mbili itakula boljointi, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu, na boljointi ikitoka barabarani gurudumu linalala.

Barabara zetu ndizo zinazokula sehemu kubwa ya zile 250,000 zangu. Mtakumbuka Aprili 2023 watu walipojaza mitandao kwa picha za mashimo ya Kampala, wakayaita maonyesho. Yalichekesha, lakini kila shimo pale lilikuwa na bushi ya mtu. Mimi nasafirisha sare za shule Mbale, Busia na vijijini ndani kwenye barabara za murram, kwa hiyo bushi, shokapu na filta ya hewa ni vitu vya ratiba kama chumvi nyumbani. Wakati wa kiangazi filta naipuliza mara kwa mara na kuibadilisha mapema. Vumbi likiingia ndani ya silinda linasugua kama msasa, na huo ndio mwanzo wa gari kula oili.

Nimesema hesabu, basi niwe mkweli pia kwa upande ambao hesabu inanikataa. Kwa anayetembeza gari siku nzima, ushauri wangu haufai. Mchukue dereva wa Kampala anayefanya kazi kwa programu za simu, kilomita 60,000 kwa mwaka. Kikumi ikimpa kilomita 11 kwa lita, atanunua lita kama 5,450. Gari la mseto la petroli na umeme likimpa kilomita 18 kwa lita, atanunua lita 3,330. Tuseme lita ni shilingi 5,000: anaokoa zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, mkopo unajilipa. Mimi naenda kilomita 8,000 hivi. Kwangu tofauti ileile ni lita 280, yaani milioni 1.4, na pesa hiyo hailipi hata riba. Kwa hiyo kabla hujamwiga mtu yeyote, mimi nikiwemo, andika kilomita zako. Na uzitazame tena bei ikibadilika. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia, petroli ilifika shilingi 10,000 na zaidi sehemu nyingine, na hesabu za watu wengi ziligeuka ndani ya wiki moja.

La pili ni moshi. Hewa ya Kampala ni mbaya, watafiti wa AirQo pale Makerere wanaipima kila saa na kila mtu anaweza kusoma, na magari yetu makuukuu ni sehemu ya ubaya huo. Sitetei gari linalotoa moshi mweusi au wa buluu. Kulitunza gari ni pamoja na plagi nzima, filta safi, na kukataa fundi anayetaka kukukatia katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, ili aiuze. Mtu anayesema gari lake kuukuu "bado linatembea" huku nyuma yake watoto wa shule wanafunika pua, huyo halitunzi.

La tatu ni usalama, na hapa sina raha. Gari la 1994 halimlindi mtu kwenye ajali kama la leo. Naendesha taratibu, usiku sisafiri kwenda Kampala, mkanda unafungwa na kila aliyeketi, nyuma na mbele. Lakini hata aliyenunua bondi asijidanganye: magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata, ile iliyoitwa kurudishwa dunia nzima kwa sababu inaweza kulipuka na kurusha vyuma usoni mwa dereva. Gari lililouzwa mnadani na kuvuka bahari huenda halikurudishwa kamwe. Namba ya chasisi inakaguliwa bure kwenye tovuti za watengenezaji. Ifanye leo kama una gari la kizazi hicho.

Mnaniuliza nitaliacha lini. Injini ikichoka sitaliacha, injini ya mtumba inapatikana na fundi anaifunga ndani ya siku chache. Giaboksi vilevile. Nitaliacha kutu ikifika kwenye chasisi au pale juu shokapu inaposhikilia bodi, au likigongwa bodi ikapinda. Hapo hakuna kuchomelea. Kila mwaka fundi analipandisha, tunapita chini na tochi na bisibisi, tukigonga. Chini ya mlango wa kushoto kuna sehemu iliyoanza, tumeikwangua hadi chuma cheupe na kuipaka rangi, inaangaliwa.

Kilicho mbele yangu mwezi huu ni mipira ya breki ya mbele. Imeanza nyufa pale inapojikunja usukani ukikatwa hadi mwisho. Iliyopo hapa Tororo ni ya kuiga, kwa hiyo nimeagiza ya kampuni kutoka Kisekka ije na basi la Jumatano, na mpaka ifungwe, sare za Mbale zitakwenda na matatu.